Baba, Mama na Mwili: Jamaa ya Kolwezi na Tiba ya Nafsi

Reli ya Benguela iligusa mpaka wa Kongo mwaka 1929. Miaka miwili baadaye kipande cha Tenke hadi Dilolo kikakamilika, na shaba ya Katanga ikapata njia fupi ya kufika bandari ya Lobito, kwenye Bahari ya Atlantiki. Dilolo, mji mdogo wa mpakani katika nchi ya Walunda na Wachokwe, ukawa mlango. Shaba inatoka, bidhaa za ng'ambo zinaingia, na vijana wa vijijini wanapanda treni kuelekea mashariki, kwenye kambi za migodi za Kolwezi, Jadotville (Likasi ya leo) na Élisabethville (Lubumbashi ya leo). Wachumi wameshaandika sana juu ya shaba hiyo. Mimi nafuata habari nyingine iliyosafiri katika nchi hiyohiyo: ubishi mrefu kuhusu mwili wa mtu, nani mwenye mwili huo, na mtu anapougua moyoni nani amtibu, aanzie wapi.

Mdai wa kwanza alikuwa kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka ishirini ya mwanzo iliajiri hasa wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi, ikawalaza kambini bila wake zao. Wengi walikufa kwa maradhi, wengi wakatoroka. Kuanzia mwaka 1928 kampuni ikageuza sera: mfanyakazi alete mke, apewe nyumba, akae miaka. Daktari Léopold Mottoulle, Mbelgiji aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, aliitetea sera hiyo kwa kalamu na kwa vitendo. Posho ikaongezwa kwa mwenye familia, wajawazito wakafuatiliwa na wauguzi, watoto wachanga wakapimwa uzito na kuandikwa daftarini. Tusiwadhulumu: zahanati za kambi ziliokoa maisha ya watu. Lakini kampuni ilijua inachotaka. Mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa mfanyakazi wa kesho ambaye hakuna haja ya kumtafuta tena kijijini. Na wafanyakazi walipogoma kudai mishahara, Desemba 1941 huko Élisabethville, miili ileile iliyolishwa na kupimwa ilipigwa risasi.

Mdai wa pili alikuwa misheni. Mwaka 1922 Wafransisko kutoka Ubelgiji walikabidhiwa eneo kubwa la magharibi ya Katanga, lililoitwa Lulua na Katanga ya Kati. Katekisimu yao ilikuwa fupi: mtu ana mwili na roho, mwili unaoza, roho haifi. Fundisho rasmi la Kanisa lina kina zaidi ya hapo. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulitamka kwamba roho yenyewe ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili wa mtu. Viwili hivyo haviishi pamoja kama mpangaji na nyumba yake. Thoma wa Akwino alikuwa ameshalifafanua jambo hilo kabla ya hapo. Ila hayo yalibaki kwenye vitabu vya Kilatini seminarini. Kilichofika kijijini kilikuwa hofu: hofu ya ngoma, ya mukanda wa kutahiri, ya uchi, ya waganga na vibuyu vyao. Kwa hiyo mtu akagawanywa bila yeye kuulizwa. Siku sita mwili ni wa kampuni, siku ya saba roho ni ya mupe, kama wanavyomwita padri huko Katanga.

Katika mgawanyo huo alitua Placide Tempels. Alizaliwa Berlaar, Ubelgiji, mwaka 1906, mwaka uleule wa kampuni. Aliingia utawa wa Mtakatifu Fransisko mwaka 1924, akapewa upadri mwaka 1930, akafika Kongo mwaka 1933. Kwa masimulizi yake mwenyewe, katika kitabu Notre rencontre kilichotoka Léopoldville mwaka 1962, miaka yake ya kwanza kumi hivi alikuwa mmisionari wa kawaida: bwana anayejua, akiwafundisha wasiojua. Mafundisho yaliingia masikioni na kutoka. Alichoka, akajaribu kuelewa desturi za watu ili awahubirie vizuri zaidi, na hata hilo halikutosha. Mwishowe akafanya lile ambalo wengi wa wenzake hawakulifikiria. Aliwauliza watu wanataka nini katika maisha, akanyamaza kusikiliza.

Jibu alilolisikia kwa Waluba wa Katanga alilitengenezea mfumo. Kila kilichopo, aliandika, ni nguvu. Mtu ni nguvu iliyo hai, inayoweza kukua au kupungua, na haikui peke yake: hulishwa na wazee waliotangulia, na mke au mume, na watoto, na Mungu aliye chemchemi yake. Ugonjwa ni kupungukiwa nguvu hiyo, na laana, uchawi, ugomvi wa ndugu, utasa, vyote vinaipunguza. Ndiyo maana mgonjwa akiwa na homa huuliza maswali mawili pamoja: nimeumwa na nini, na nani ana neno nami? Tempels hakuona ujinga hapo. Aliona fikra timamu juu ya mtu, na ndani yake mwili hauna mahali pa kutengwa, maana nguvu haina upande wa nyama na upande wa roho.

Kitabu kilitoka kwa Kifaransa mjini Élisabethville mwaka 1945, La philosophie bantoue, kwa tafsiri ya mwanasheria Antoine Rubbens kutoka Kiholanzi cha Tempels. Moto ukawaka. Jean-Félix de Hemptinne, askofu Mbenediktini aliyeliongoza Kanisa la Élisabethville, akakiona kitabu hatari, akajitahidi kilaaniwe. Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji, na hakuweza kurudi Kongo hadi mwaka 1949. Wakati huo Paris ilikuwa inamsoma. Présence Africaine ilikichapisha kitabu upya mwaka 1949, na Gabriel Marcel alikuwa miongoni mwa wanafalsafa waliokitolea maoni. Marcel ndiye Mkatoliki aliyekuwa akisisitiza tangu miaka ya 1920 kwamba mimi sina mwili kama nilivyo na kalamu au shamba, mimi ni huo mwili. Kwamba mtu huyo alikisoma kitabu kilichotoka Katanga, kwangu hilo linastahili kukumbukwa zaidi ya laana ya askofu.

Pigo kali lilitoka kwingine. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, katika hotuba yake dhidi ya ukoloni ya mwaka 1950, alimcheka Tempels bila huruma. Ikiwa Mbantu anachotaka zaidi ni kuheshimiwa nguvu yake ya uhai, basi mshahara mdogo si neno, nyumba mbovu si neno; kampuni ilale salama. Baadaye Fabien Eboussi-Boulaga na Paulin Hountondji wakamkosoa kwa hoja za kifalsafa, na V. Y. Mudimbe, mwana wa Likasi aliyewahi kuwa mtawa Mbenediktini, akamweka mahali pake katika historia ya jinsi Wazungu walivyoibuni Afrika. Wote hao nawaheshimu. Ila walibishana na kitabu. Kazi kubwa ya Tempels haimo kitabuni, na haikuandikwa kwa Kifaransa.

Ilianzia Kolwezi. Mwaka 1953 Tempels alikuwa akiwahudumia wafanyakazi wa migodi ya huko, katika kambi za Ruwe na Musonoi. Mbele yake walikuwepo watu wazima wenye mishahara, waliokwisha kuachana na vijiji, wakizungumza Kiswahili cha Katanga kwa sababu kila mmoja ametoka kabila lake. Hakuwapa somo. Aliwaeleza yaliyokuwa moyoni mwake, akataka wao pia waeleze ya kwao, mume mbele ya mke, mke mbele ya mume, padri naye akiwa ndani ya mazungumzo hayo badala ya kuyasimamia kutoka juu. Kikundi kidogo cha wanandoa kikazaa vingine. Wakajiita Jamaa, na wakaitana baba na mama.

Mafundisho yao yalisimama juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mungu mwenyewe, walifundisha, ni uzima uliotimia, anazaa, anapenda; alipomuumba mtu mume na mke aliwatia hayo matatu wawe mfano wake. Tazama jinsi orodha hiyo ilivyochukua yale ambayo kampuni ilikuwa inayahesabu. Kampuni ilitaka mfanyakazi mwenye afya. Jamaa ikasema afya hiyo ni uzima wa Mungu ndani yako. Kampuni ilipima watoto kwa kilo; Jamaa ikasema uzazi ni kazi ambayo Mungu anaifanya pamoja nawe, na asiyejaliwa mtoto wa tumboni anaweza kuzaa watu kwa kuwaleta kwenye Jamaa. Kwa mwanamke aliyekuwa akidharauliwa kwa ugumba, hilo halikuwa jambo dogo.

Mtu hakujiunga kwa kuandika jina. Alizaliwa. Waliingia wawili, mume na mke wake, wakipitishwa na wanandoa waliotangulia, ambao kuanzia hapo walikuwa baba yao na mama yao. Kulikuwa na njia tatu za kupita, na ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika: mume na mke wafunguliane mioyo yote. Katika kambi ambako mwanamume alificha mshahara wake na mwanamke alificha hofu zake, watu wazima walijifunza kukaa usiku na kuambiana. Ndoto nazo zilipewa nafasi kubwa. Mwanafunzi alizisimulia kwa wazazi wake wa kiroho, zikapimwa kwa mafundisho, na ndoto nyingine zilichukuliwa kuwa dalili kwamba mtu amekutana kweli na yale aliyofundishwa. Johannes Fabian, Mjerumani aliyefanya utafiti Kolwezi miaka ya 1966 na 1967 kwa ajili ya shahada yake ya Chicago, alirekodi mafundisho hayo kwa Kiswahili chenyewe, kwa maswali na majibu, na kitabu chake juu ya Jamaa kilitoka mwaka 1971. Mjesuiti Willy De Craemer naye akaandika kingine, mwaka 1977.

Sasa tutoke Katanga kidogo. Tarehe 13 Aprili 1953, mwaka uleule, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwapokea Roma wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa tiba ya nafsi. Aliwataka wamtazame mgonjwa kama mtu mmoja mzima, mwenye umoja ndani yake, mwenye kuishi na wenzake, na mwenye kumwelekea Mungu; wasimkate vipande na kukitibu kimoja kana kwamba ndiyo mtu wote. Mwaka uliotangulia alikuwa ameionya shule moja ya wafuasi wa Freud kwa kuutafuta mzizi wa kila kitu kwenye tamaa za ngono. Huko Geneva daktari Paul Tournier, Mkalvini, alikuwa ameanza tangu mwaka 1940 kuandika juu ya tiba inayomhusu mtu mzima. Marekani, Carl Rogers, aliyelelewa katika nyumba ya Kiprotestanti yenye sheria kali na kuiacha seminari njiani, alitoa mwaka 1951 kitabu kikuu cha njia yake: mtibabu asiwe fundi anayemrekebisha mgonjwa, awe mtu anayekutana na mtu kwa ukweli. Na kule Abeokuta, Nigeria, kuanzia mwaka 1954, daktari Thomas Adeoye Lambo aliwatibu wagonjwa wa akili wakiwa wanaishi vijijini pamoja na ndugu zao.

Hakuna ushahidi ninaoujua kwamba wachimba madini wa Musonoi walisikia habari za Rogers, na sidhani Rogers aliwahi kusikia jina la Musonoi. Hata hivyo ukiweka mezani kile kilichofanyika katika nyumba za kambi, unakiona: mazungumzo ya siri na ya kurudiwarudiwa, ndoto kusimuliwa na kufasiriwa, mtu anayekuongoza aliyepitia njia hiyo kabla yako, ndoa kutengenezwa ili nafsi ipone. Vienna na Chicago hayo yangeitwa tiba. Kolwezi yaliitwa dini, kwa hiyo madaktari hawakuja kutazama.

Kuna mahali pengine pa tiba katika habari hii, napo pako karibu zaidi na Dilolo. Upande wa pili wa mpaka, pembe ya kaskazini-magharibi ya Zambia, iko Kalene Hill, ambako daktari mmisionari Mwingereza Walter Fisher alifungua misheni na hospitali mwaka 1906. Walunda-Ndembu wa huko ni ndugu wa Walunda wa upande wa Kongo. Mpaka ulichorwa na wengine. Kati ya mwaka 1950 na 1954 aliishi kati yao Victor Turner, mwanaanthropolojia Mskoti, pamoja na mkewe Edith, na walimtazama kwa makini mganga mzee aliyeitwa Ihembi.

Mgonjwa mmojawapo alikuwa mwanamume aliyelalamika kwamba moyo unamdunda, mwili unamuuma, amechoka, na watu wote wanamsema. Ihembi aliutaja ugonjwa: ihamba, jino la mwindaji aliyekufa, limeingia mwilini na linatembea likiuma. Ngoma zikapigwa, dawa za majani zikatwangwa, mgonjwa akachanjwa na kuumikwa kwa pembe. Kila pembe ilipotoka tupu, mganga alisimamisha ngoma akawageukia wanakijiji: nani ana kinyongo na huyu? Wakasimama mmoja mmoja kusema yaliyowakaa rohoni. Mgonjwa pia akasema ya kwake. Ngoma zikaanza tena. Jioni, baada ya mambo mengi kusemwa, jino likatoka.

Turner aliandika mwaka 1964 kwamba aliyetibiwa pale ni kijiji kizima, ambacho ugomvi wake ulikuwa umejikusanya katika mwili wa mtu mmoja. Jino lenyewe aliliona kama hila ya mganga, hila yenye manufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na Edith, ambao walikuwa wakomunisti, wakabatizwa Wakatoliki, na ni wazi kwamba ibada za Wandembu ziliwafungulia njia hiyo. Edith alirudi mwaka 1985, akiwa mjane, akashiriki ihamba akiwa mmoja wa wasaidizi. Aliandika kwamba aliona kwa macho yake kitu cha kijivu kikitoka mgongoni mwa mgonjwa. Msomaji aamue mwenyewe. Mimi kinachonivuta ni jambo dogo ambalo mume na mke walikubaliana: maneno peke yake hayakutosha, na pembe peke yake haikutosha. Ngozi ilichanjwa wakati mioyo inafunguliwa.

Hapo ndipo Jamaa na Ihembi wanapoachana. Wakatoliki wa Kolwezi waliziacha dawa, pembe na ngoma za waganga, wakabakiza mazungumzo. Walichokishinda kwa hilo ni hofu ya wachawi: ugonjwa haukuhitaji tena adui aliyeuleta, na wanandoa hawakumtafuta jirani wa kumshtaki. Walichopoteza ni mkono wa mganga juu ya mwili. Mwili ukawa mada kuu ya mafundisho, uzazi ukaimbwa, ndoa ikatukuzwa, lakini hapakuwa na ibada iliyokubaliwa ya kuugusa. Pengo hilo likajazwa vibaya.

Yakazuka makundi yaliyoitwa Katete. Walishtakiwa kwamba wameyageuza mapendo ya wazazi na watoto wa kiroho kuwa zinaa. Wapi ilikuwa kweli na wapi ilikuwa uvumi, mahakama haikukaa. Lakini tuhuma hiyo ndiyo iliyowapa maaskofu rungu. Tempels mwenyewe alikuwa ameondoka Kongo mwaka 1962, mgonjwa, asirudi tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Askofu Mkuu Eugène Kabanga wa Lubumbashi akawataka wanajamaa waikane Jamaa kwa kiapo, na waliokataa wakajikuta nje ya Kanisa walilolipenda. Nje kwenyewe kulikuwa na hatari, kwa sababu sheria ya Mobutu ya mwisho wa mwaka 1971 ilitambua makanisa machache tu. Ajabu yake ni hii: mwaka 1965, katika hati Gaudium et spes, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefundisha kwamba mtu ni mmoja katika mwili na roho, na haruhusiwi kuudharau uhai wa mwili wake. Kuanzia mwaka 1979 Yohane Paulo wa Pili angetumia hotuba zake za Jumatano kwa miaka mitano kueleza mwili wa mume na mke kama ishara ya Mungu. Wachimba madini wa Musonoi walikuwa wamefika mapema, wakakuta mlango haujafunguliwa.

Kwa maoni yangu maaskofu walikuwa na haki ya kuogopa unyanyasaji. Mtu aliyefungua moyo wote ni rahisi kutumiwa, na kila taaluma ya tiba ya nafsi imelazimika kuweka miiko kwa sababu hiyo. Kosa lao lilikuwa kung'oa badala ya kuweka miiko. Na lawama ya Césaire nayo haikuisha. Jamaa ilimponya mtu nyumbani, ikamwacha mgodini kama alivyokuwa. Uzima ulihubiriwa sana. Vumbi la mgodi halikuhubiriwa.

Tempels alifariki Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977. Mwaka huohuo, tarehe 8 Machi, wapiganaji wa Kikatanga wa FNLC walivuka kutoka Angola, wakaiteka Dilolo pamoja na miji mingine ya magharibi. Reli ya Benguela ilikuwa imeshakatwa na vita vya Angola tangu mwaka 1975. Katika mji wa Kapanga, daktari Mmarekani wa misheni ya Kimethodisti, Glen Eschtruth, aliuawa. Mei 1978 walirudi, safari hii wakaingia Kolwezi, na Jeshi la Kigeni la Ufaransa likashuka kwa miamvuli tarehe 19. Watu waliokuwa watoto siku hizo bado wapo, na wapo wanaoshtuka mlango ukigongwa. Miaka miwili baada ya Kolwezi, mwaka 1980, madaktari wa akili wa Marekani waliingiza katika mwongozo wao rasmi jina la ugonjwa unaobaki mwilini baada ya vita. Kwa muda mrefu jina hilo halikufika Lualaba, wala mtu wa kuutibu ugonjwa huo.

Sehemu nyingine za Kongo zilisogea. Mchungaji Masamba ma Mpolo, msomi wa Kinshasa, alitoa mwaka 1976 kitabu juu ya kuwafungua watu wanaojiona wamerogwa, akawaonyesha wachungaji jinsi ya kusikiliza madai hayo bila kuyacheka na bila kuyaamini yote. Lubumbashi, Mabruda wa Karita wana kituo cha magonjwa ya akili kinachobeba jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19. Bukavu, hospitali ya Panzi ya daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, imewapokea tangu mwaka 1999 wanawake waliobakwa vitani, na utaratibu wake hauishii kwenye upasuaji: mgonjwa anapata pia mshauri wa nafsi, msaada wa sheria, na njia ya kujipatia riziki. Hapo Césaire amejibiwa, kwa kiasi fulani.

Mwaka 2013 jarida la tiba la New England lilichapisha matokeo kutoka vijiji vya Kivu. Wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono walifuatiliwa. Baadhi walipewa tiba ya kikundi, wakijifunza pamoja kuyachunguza mawazo yaliyowakaba tangu siku ile. Wengine walipewa msaada wa mshauri mmoja mmoja. Miezi sita baada ya tiba, katika vikundi ni asilimia 9 tu waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja, asilimia 42. Wataalamu walishangilia mbinu mpya. Mzee wa Jamaa angeuliza kwa nini mtu alidhaniwa angepona peke yake.

Leo Dilolo iko mkoa wa Lualaba, na njia ya Lobito imerudi vinywani mwa mawaziri na wawekezaji. Kolwezi inachimbwa hadi chini ya nyumba; vijana wanaojiita creuseurs wanashuka mashimoni kutafuta kobalti, na usiku makanisa ya uamsho yanawaombea wenye mapepo kwa kelele nyingi na masikio machache. Tangu mwaka 2012 masista wa Mchungaji Mwema, wakiongozwa mwanzoni na Mkenya, Sista Catherine Mutindi, wamekuwa wakiwatoa watoto migodini na kuwarudisha shule. Kazi hiyo inawagusa watu mwilini na moyoni, lakini mikono haitoshi.

Kwa hiyo nina ombi kwa Jimbo la Kolwezi, kwa idara za saikolojia za vyuo vya Lubumbashi na Kolwezi, na kwa familia zenyewe. Wazee waliozaliwa katika Jamaa miaka ya 1950 na 1960 wamebaki wachache. Waulizwe, warekodiwe, na kama wana madaftari ya mafundisho yanakiliwe kabla panya na mvua hazijayamaliza. Mwanafunzi wa seminari au wa saikolojia anayeandaliwa kufanya kazi Lualaba ayasome hayo kwa Kiswahili chake, pamoja na makosa yaliyomo na maonyo ya Katete, kabla ya kupewa Freud kwa Kifaransa. Na nyinyi wajukuu mnaosoma haya, mkiwa na babu au bibi aliyeitwa baba au mama wa Jamaa, mfuateni wiki hii.